Mti wa vimulimuli wenye aibu: jinsi ya kuutengeneza mwenyewe nyumbani

Wakuu, kama ulikulia shamba au ulikuwa unapelekwa kwa bibi kila likizo basi kimulimuli huhitaji kuelezewa, yule mdudu anayewasha taa makalioni usiku, wengine wanamwita kimetameta. Na siongelei kile kimulimuli cha juu ya gari la polisi, japo kazi nyingi za taa ninazoona watu wanatengeneza majumbani zinaishia kufanana na hicho hicho, rangi saba zinakimbizana mpaka macho yanauma afu mtu anakwambia nimeiga asili. Asili gani hiyo bana.

Mimi nilikuwa nawakimbiza kwa bibi Muheza. Ukiwakimbilia wanazima, unabaki umesimama gizani na chupa yako tupu mkononi, ukichoka ukakaa chini ukatulia mara mmoja huyo pale kwenye mgomba, mara wawili, mara pamejaa. Hicho ndo nilichotaka kukitengeneza ukubwani. Sio umbo la mdudu, mdudu mwenyewe mchana hana lolote, kijidudu cha kahawia tu, nilitaka ile tabia. Kwahiyo hapa naelekeza jinsi ya kutengeneza mti mkavu wenye taa 50, ukiusogelea unazima kwa aibu, ukitulia taa zinarudi moja moja, ukimulika tochi zinakujibu, na ukiwa mvumilivu sana zinaanza kuwaka zote kwa mpigo mmoja. Unauweka bustanini, barazani, hata kwenye kona ya sebule.

Kama hujawahi kushika pasi ya kulehemu usiogope, sehemu za kulehemu hazifiki ishirini, na ukiharibu unayeyusha unarudia.

Kwanza mjue mdudu

Usiruke hapa ukakimbilia waya, mana kila namba utakayoandika kwenye programu inatoka kwa mdudu.

Mwanga wa kimulimuli ni kemia inayofanyika tumboni, kuna kitu kinaitwa lusiferini kinakutana na oksijeni, kimeng'enya cha lusiferasi kinasukuma hiyo shughuli, na mwanga unatoka karibu bila joto kabisa. Rangi yake kwa aina nyingi ni ya kijani inayoelekea njano, kwenye mawimbi ya nanomita 560 hivi. Rangi moja. Kwahiyo ile hamu ya kuweka zambarau na pinki iache hapo mlangoni.

Pili, kuwaka kwake ni maongezi. Yupo mmoja wa Marekani amechunguzwa sana, Photinus pyralis, dume anaruka chini chini anawaka kila baada ya sekunde 6 hivi, jike yuko kwenye nyasi ametulia, akimpenda anajibu baada ya kama sekunde 2. Hizo sekunde 2 ndo kitambulisho, jibu likija mapema au likichelewa dume anajua huyu sio wetu. Na kuna matapeli, majike wa jamii ya Photuris wanaiga hilo jibu la wenzao, dume anakuja mbio akijua kapendwa kumbe anaenda kuliwa. Utapeli wa mapenzi haukuanza na simu.

Tatu, na hii ndo iliyonifanya nisilale, kwenye mikoko ya Malaysia na Thailand kuna vimulimuli wa jamii ya Pteroptyx wanajaa kwenye mti mmoja mamia kwa mamia na wanawaka na kuzima pamoja, mti mzima, kama unapumua. Hakuna kiongozi wala mpiga ngoma. Kila mdudu ana saa yake ya ndani, akimwona mwenzake kawaka anaisogeza yake kidogo, wanasogezeana hivyo hivyo mpaka wote wanakuwa kwenye mstari. Mwaka 1990 wanahisabati wawili, Renato Mirollo na Steven Strogatz, walionyesha kwa hesabu kwamba saa za namna hiyo zikisukumana kidogo kidogo zinaishia kwenda pamoja, karibu hata zianzie wapi. Hesabu yenyewe inaingia kwenye mistari michache ya programu, tutafika.

Vitu vya kutafuta

Tawi kwanza. Tafuta tawi lililokauka lenye matawi madogo mengi, urefu wa mita moja na nusu mpaka mbili. Mkorosho uliopogolewa ni mzuri kuliko yote mana matawi yake yamejikunjakunja yenyewe, mwembe unafaa, mwarobaini unafaa. Usikate mkoko eti kwa sababu nimetaja mikoko, mikoko inalindwa kisheria na ni mti unaoshikilia pwani yetu, achana nao. Tawi lianike juani wiki mbili, ligongegonge wadudu watoke, afu lipige dawa ya mchwa. Usipopiga dawa utakuja kukuta sanamu yako imegeuka unga ndani na nje inakuangalia tu.

Taa. Usinunue zile taa za Krismasi za kawaida, zile zinawaka zote au zinazima zote. Unataka taa za pikseli, yaani kila taa ina kichipu chake cha WS2811 na unaiamuru peke yake, zinauzwa kwenye mnyororo wa taa 50, kila moja imefungwa ndani ya plastiki ngumu kama kidole kidogo, maji hayaingii. Ziko za volti 5 na za volti 12, wewe chukua za volti 5. Simama pale dukani usome kibandiko, mimi duka moja Kariakoo waliniuzia za 12 wakaniapia ni 5, nilipofika nyumbani ziliwaka kwa unyonge kama mshumaa wa senti tano na kurudisha ikawa kesi. Walioko Nairobi mnajua wenyewe Luthuli mnavyobanana, vitu vyote hivi vipo huko.

Ubongo ni Arduino Nano, bodi ndogo ya saketi unayoipandishia programu kutoka kwenye kompyuta nayo inaziamuru taa. Nyingi zinazouzwa ni za kuiga na hazina shida, ila zinatumia chipu ya CH340, kompyuta ikigoma kuitambua weka draiva ya CH340, na kama programu inagoma kupanda ingia kwenye mipangilio uchague bodi yenye bootloader ya zamani, yaani kile kiprogramu cha ndani ya bodi kinachopokea programu yako. Hilo limewatoa machozi wengi.

Macho yako mawili. La kwanza ni sensa ya mwendo aina ya HC-SR501, ile yenye kikombe cheupe cha plastiki kama jicho la samaki aliyechemshwa. La pili ni sensa ya mwanga, mafundi wanaiita LDR, kidude kidogo chenye mstari wa kujikunja usoni, bei yake ni ya peremende.

Vingine ni adapta ya volti 5 ampea 4, kapasita moja ya mikrofaradi 1000, rezista ya omu 330 na nyingine ya omu 10,000, waya mwembamba mita kadhaa, risasi ya kulehemu, bastola ya gundi ya moto, kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na kamba za mgomba mkavu. Kamba za mgomba ni za kufichia waya, usinunue tepu nyeusi, tepu juani inayeyuka gundi na inachuruzika kama lami.

Jaribu mezani kabla ya kufunga

Hapa nawaomba mnisikilize. Mara ya kwanza mimi nilifunga taa zote kwenye tawi vizuri kabisa, nikaviringisha kamba za mgomba, kazi ya siku nzima, nikawasha, zikawaka taa 31 tu. Ile ya 32 ilikuwa imekufa, na kwenye mnyororo wa pikseli amri inapita taa hadi taa, moja ikifa zote za mbele yake zinakufa. Nikafungua zote.

Kwahiyo mnyororo ukiwa bado mezani angalia waya zake tatu, moja ni chanya, moja graundi yaani hasi, ya katikati mara nyingi ndo ya amri, ila rangi zinabadilika kwa kila mtengenezaji kwahiyo soma kilichoandikwa kwenye taa yenyewe. Kuna mshale unaoonyesha upande amri inakoelekea, unaanzia nyuma ya mshale. Ukianzia mbele hakuna kitakachoungua, hazitawaka tu na utakesha ukitafuta kosa kwenye programu.

Chanya na graundi za taa ziende kwenye adapta moja kwa moja, usizipitishe kwenye Arduino. Kapasita inakaa kati ya chanya na graundi pale mwanzo wa mnyororo, mguu wake mfupi wenye mstari ni wa graundi, ukiugeuza inavimba na inaweza kupasuka, sio utani. Waya wa amri unatoka pini ya 6 ya Arduino, unapita kwenye rezista ya 330, unaingia kwenye taa ya kwanza. Afu Arduino yenyewe inapata umeme kwenye pini yake ya 5V kutoka adapta hiyo hiyo, na graundi zote, ya taa, ya Arduino, ya sensa, zinakutana sehemu moja. Graundi isipokuwa ya pamoja taa zitafanya wazimu, zitachezacheza ovyo ovyo. Kila anayeniletea kazi yake akilalamika taa zina mapepo, naanza kuangalia graundi na mara nyingi naishia hapo hapo. Ukiwa unapandisha programu kutoka kwenye kompyuta, chomoa kwanza ule waya wa 5V wa adapta kwenye Arduino ili umeme usigongane.

Hesabu ya umeme usiiogope. Kila taa ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula miliampea 60, mara 50 ni ampea 3, ndo mana nimesema adapta ya 4. Kiukweli kimulimuli chetu kikiwaka kijani kwa mwanga mdogo hata taa zote zikiwaka pamoja hazifiki nusu ampea, ila siku umekosea programu zikawaka nyeupe zote, adapta ndogo itachemka.

Sensa ya mwendo ina pini tatu, chanya, graundi na ya jibu, jibu liende pini ya 2. Ina vifundo viwili vya kuzungusha kwa bisibisi, kimoja cha umbali na kingine cha muda, cha muda kirudishe mpaka mwisho wa chini ili ikiona mtu ibaki macho sekunde 3 hadi 5 tu, muda mwingine tutauhesabu kwenye programu. Ukiwasha ipe dakika moja izoee chumba, kabla ya hapo inadanganya. LDR mguu mmoja kwenye 5V, mwingine kwenye pini ya A0, na kutoka A0 hiyo hiyo rezista ya 10,000 iende graundi. Mwanga ukizidi namba inapanda, inasoma kuanzia 0 mpaka 1023.

Kasoro iliyogeuka kuwa roho ya kazi

Hii sensa ya mwendo haimwoni mtu. Inachoona ni joto linalosogea, wewe ukipita mbele yake joto la mwili wako linahama kutoka kipande kimoja cha kile kikombe cheupe kwenda kingine, inashtuka. Ukisimama kama mlingoti haikuoni tena. Wanaofunga taa za chooni wanailaani kwa hilo, umekaa zako kwa amani mara giza, unaanza kupunga mikono.

Mimi nilihangaika kutafuta sensa bora zaidi mpaka siku moja nikajipiga kofi, kumbe hicho ndo nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo! Kimulimuli wa bibi naye alikuwa hivyo hivyo, ukitikisika anazima, ukitulia anakusahau. Sensa mbovu kwa choo ndo sensa kamili kwa mti huu. Usiibadilishe.

Ila ina tabia zake. Kwenye joto la Dar au Mombasa mwezi wa pili, hewa ikiwa na joto linalokaribia la ngozi, uwezo wake wa kuona unashuka, mtu wa mita 6 haonekani mpaka afike mita 3. Haioni kupitia kioo, usiifiche nyuma ya dirisha. Na inamwona paka. Ili isishtuke na kila anayepita njiani ichomeke ndani ya kipande cha bomba la maji cha sentimita 5 au 6, inabaki inaangalia mbele tu, bomba lipake udongo au lizungushie gome lisionekane.

LDR nayo itie ndani ya mrija mweusi au ganda la kalamu lililopakwa rangi nyeusi, ielekee watakakosimama watu, la sivyo itaziona taa zako zenyewe na mti utaanza kujiongelesha usiku kucha. Nimeshaliona hilo, inachekesha dakika mbili za kwanza.

Programu

Tumia maktaba ya FastLED, yaani amri za taa ambazo wenzetu wameshaziandika, inapatikana bure ndani ya programu ya Arduino. Mistari yote siwezi kuimwaga hapa, naeleza akili yake, ukishaielewa kuandika ni jioni moja.

Kosa namba moja la wanaoanza ni kutumia delay. Ukimwambia Arduino asubiri, amesubiri kweli, hasikii sensa, hajali taa nyingine, amelala. Tumia millis, ile saa inayohesabu tangu bodi iwashwe, na kila taa umpe daftari lake, atawaka lini tena, na yuko hatua gani ya kuwaka. Kila mzunguko unapitia taa zote 50 unauliza, wewe saa yako imefika? Imefika panda kidogo, haijafika endelea kulala.

Kupanda na kushuka kusiwe sawa. Panda haraka, kama milisekunde 150, shuka polepole, milisekunde 600 au 700. Hapa ndo uhai ulipo. Nilipoweka sawa kwa sawa ilionekana kama taa ya router inawaka na kuzima, nilipobadilisha tu mama watoto akasema haya sasa wamekuwa wadudu. Afu mapumziko ya kila taa yawe ya bahati, kati ya sekunde 3 na 9, na kila ikiwaka ichaguliwe mapumziko mapya. Angalia pia, Arduino ukiiwasha inaanza na mfuatano ule ule wa namba za bahati kila siku, mpe mbegu ya kuanzia kwa kusoma pini ya A5 ambayo haijaunganishwa na kitu, vinginevyo mti utarudia onyesho lile lile kila usiku na wenye macho watakugundua.

Mwanga nao una ujanja. Jicho letu gizani linaona tofauti kubwa kati ya 1 na 10, ila kati ya 200 na 210 halioni kitu, kwahiyo ukipandisha namba moja moja taa inaonekana kama imeruka ghafla afu imeganda. Dawa yake chukua namba ya mwanga uizidishe kwa yenyewe, ugawe kwa 255, jibu ndo upeleke kwenye taa. Inapanda kama pumzi.

Rangi weka nyekundu 120, kijani 255, bluu 0, na mwanga wa jumla usizidi 60 kati ya 255. Najua utaona ni hafifu mezani mchana, subiri usiku. Ikitokea taa zinawaka rangi ya chungwa sio kwamba zimeharibika, mpangilio wa rangi umegeuka, kuna minyororo inasoma nyekundu kwanza na mingine kijani kwanza, badilisha RGB iwe GRB kwenye mstari wa FastLED au kinyume chake. Mimi nilikuwa na mti wa vimulimuli wa rangi ya chungwa wiki nzima, nikawa nawaambia wageni ni makaa ya mkaa.

Aibu sasa. Sensa ikisema kuna mwendo, taa zote zinazowaka zififie taratibu ndani ya nusu sekunde, usizikate ghafla, ghafla inaonekana umeme umekatika na mtu ataanza kutafuta swichi. Afu kila taa ipewe muda wake wa bahati wa kurudi, kati ya sekunde 5 na 40, ukihesabu tangu mwendo wa mwisho. Mtu akitikisika tena, hesabu inaanza upya kwa zote. Hiyo 5 hadi 40 niliihangaikia sana, nikiweka ifike dakika mbili watu wanaondoka wakidhani mti umeharibika, nikiweka sekunde 10 hakuna aibu, ni kama mtoto anayejifanya amelala.

Jibu la tochi. Programu iwe inakumbuka wastani wa LDR wa sekunde chache zilizopita, namba ikiruka ghafla juu ya wastani kwa 150 au zaidi afu ikashuka, hiyo ni tochi, na mara hiyo hiyo ianze kuhesabu sekunde 2, kisha taa 3 au 4 za bahati zijibu. Sekunde 2 kamili kama yule jike wa Photinus, usifupishe ukidhani watu hawana subira, ule ukimya wa kusubiri ndo utamu. Na hapa kuna mtego: mtu akiinua mkono kuwasha tochi ya simu, sensa ya mwendo inamwona na taa zinazima. Kwahiyo tochi ikionekana, puuza sensa ya mwendo kwa sekunde 10. Ukitaka kuchokoza weka tapeli mmoja, taa ya chini kabisa kwenye shina inayojibu kabla ya wenzake, sekunde 1 badala ya 2. Hakuna atakayegundua ila wewe utakuwa unacheka peke yako.

Kuwaka pamoja. Dakika 3 zikipita hakuna aliyetikisika, acha ile bahati, kila taa ipewe kihesabio kinachotoka 0 mpaka 100 kwa sekunde 2, zianzie sehemu tofauti. Kinachofika 100 kinawaka na kurudi 0, na kikiwaka vyote vingine vinaongezewa asilimia 1 ya pale vilipofikia. Aliyefika 90 anaongezewa 0.9, aliyefika 10 anaongezewa 0.1 tu, hiyo tofauti ndo inayowavuta pamoja, ukiwaongezea wote sawasawa haifanyi kazi. Atakayesukumwa akapita 100 naye anawaka hapo hapo na kurudi 0. Mizunguko ya mwanzo ni vurugu, baadaye unaona kikundi cha watano wamepatana, kule juu wengine kumi, afu vikundi vinamezana mpaka tawi zima linapiga kwa pamoja. Ukiweka asilimia 10 wanapatana papo hapo, haina raha, unataka watu waone wanavyotafutana.

Kufunga kwenye tawi

Usisambaze taa kwa usawa. Vimulimuli wana sehemu wanazozipenda, weka rundo la kumi na kitu kwenye mikunjo ya matawi ya juu, sehemu nyingine acha tupu kabisa, taa mbili tatu zishuke mpaka karibu na ardhi. Kila taa ielekeze kwenye gome au kwenye jani kavu badala ya usoni kwa mtu, unachotaka mtu akione ni mwanga umelala juu ya mti, balbu yenyewe isionekane. Zile ambazo lazima zionekane zidondoshee tone la gundi ya moto kichwani, likipoa linakuwa na ukungu kama yai la mjusi na mwanga unasambaa laini.

Adapta ibaki ndani ya nyumba, nje utoke na waya wa volti 5 tu, kuna watoto na kuna mvua, umeme wa ukutani hauna kazi bustanini. Arduino ikae kwenye kopo, matundu ya waya yawe upande wa chini, na waya kabla haujaingia kwenye kopo ushuke kwanza chini halafu upande, maji yadondokee pale kwenye kona. Maungio yote yaliyolehemiwa yapake mafuta ya mgando kabla ya kuyafunga, sisi wa pwani chumvi inageuza shaba kuwa kijani ndani ya miezi michache. Pamba au gundi izibe kila tundu lililobaki, mana sisimizi wanapenda joto la Arduino kuliko wewe unavyolipenda.

Utashawishika kutumia pawabenki ili mti usiwe na waya. Nilifanya hivyo kwenye sherehe ya mpwa wangu, watu wameambiwa tulieni mtaona maajabu, wametulia, giza, kimya, dakika ya kwanza, ya pili, hakuna kitu. Pawabenki nyingi zikiona umeme unaotumika ni mdogo sana zinadhani simu imejaa na zinajizima, na taa 50 zilizolala pamoja na Arduino hazifiki hata miliampea 100. Yaani vimulimuli vililala na mlinzi akalala. Kama ni lazima, taa tano za nyuma kabisa ya shina zisizime kamwe, ziache ziwake nyekundu hafifu kwenye udongo zikielekea chini, umeme unaotumika unaongezeka kidogo na pawabenki inaweza isisinzie, ila ijaribu kwanza kabla ya kuita watu.

Giza lenyewe

Nusu ya kazi hii inafanywa na giza. Yayoi Kusama, yule mama wa Japani wa madoa madoa, ana kazi yake ya mwaka 2002, chumba kidogo chenye vioo pande zote, maji chini na taa 150 zinaning'inia, unaingia peke yako, na kinachokushika pale sio wingi wa taa mana 150 hata ukumbi wa harusi wa kawaida unazo zaidi, ni weusi ulio katikati yake. Kwahiyo zima taa ya usalama ya nje, geuza ile bulbu ya barazani, mti uweke mbele ya ukuta mweusi au mbele ya mimea, sio mbele ya ukuta uliopakwa chokaa.

Na kama kwenu kuna vimulimuli wa kweli, karibu na bwawa, mto au shamba la mpunga, usiuweke nje. Mwanga wa bandia unawavuruga, dume anashindwa kumwona jike na maongezi yanakatika. Uweke ndani. Hata kwa mjini mimi nimeiandikia programu izime saa nne usiku, na LDR hiyo hiyo ndo inayoiwasha jua likizama.

Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, huwa anakuja jioni kukaa kwenye benchi la nje kwangu. Watoto wakija wanakimbilia mti, unazima, wanapiga makofi, wanaurukia, hakuna kitu, wanasema mjomba mti wako mbovu wanaondoka. Mzee anakaa na kikombe chake cha kahawa, hatikisiki, hata kahawa anaiacha ipoe. Juzi natoka ndani nikakuta tawi zima linapiga kwa pamoja mbele yake, nikasimama mlangoni nisiharibu. Nikamwambia shikamoo kwa sauti ya chini. Akajibu marahaba bila kugeuka, afu akasema, "Kaa hapo hapo ulipo, ukija watakimbia."